Nyuma ya Jiko la Sajenti Ojera

Kuna watu wanaomjua mtu kwa uso, na wengine kwa sauti. Akech alimjua mtu kwa kiuno. Kwa miaka kumi na tisa alikaa na cherehani yake kwenye kibanda cha mabati nje ya kambi ya polisi, upande wa Nakawa, akipunguza suruali za makurutu na kupanua za wakubwa, na hakuna kitambi kilichoota kambini bila yeye kupata habari kabla ya mke wa mwenye kitambi. Alijua nani amepandishwa cheo kwa sababu ndiye aliyeshona tepe. Alijua nani ameshushwa kwa sababu ndiye aliyezifumua. Na alijua nani anastaafu, maana askari anayestaafu hurudisha sare stoo, na hakuna mzee anayependa kurudisha suruali yenye tundu makalioni baada ya kuitumikia nchi miaka thelathini.

Hili la mwisho ndilo lililomfikisha kwenye nyumba. Lakini tusikimbie, maana yeye mwenyewe hakukimbia, na hapo ndipo palipokuwa na shida.

Akech alizaliwa karibu na Kisumu, akaja Kampala mwaka 1988 akimfuata mumewe, Ondiek, aliyekuwa amepata kazi kwenye mashine za kuosha chupa katika kiwanda cha soda. Vita vilikuwa vimekwisha, mji ulikuwa unajipangusa vumbi, na kila mtu alihitaji suruali. Walipanga muzigo, yaani chumba kimoja cha kulala, kupikia, kupokea wageni na kugombana. Walikusudia kukaa miaka miwili. Watoto watatu wakakulia humo, wakapata akili, wakaondoka mmoja mmoja, na wazazi wakabaki na pazia lilelile linalotenganisha kitanda na jiko la mkaa. Mwaka 2007 mwenye nyumba akatangaza kwamba anavunja mizigo yote ajenge ghorofa, na kwamba hataki kumwona mpangaji hata mmoja ikifika Krismasi.

Akech hakulia. Alikuwa na akiba ya shilingi milioni kumi na nane. Zilitosha kununua nyumba ndogo, ya kwake, yenye mlango ambao hakuna mtu atakayekuja kuugonga mwisho wa mwezi. Zilitosha, ila kwa sharti moja tu: asikae mtu katikati.

Na katikati alikaa Zubairi. Zubairi alikuwa bloka, yaani dalali wa nyumba, mtu wa Kibuli, mwenye simu mbili na viatu vinavyong'aa hata siku ya matope. Benchi lake lilikuwa mbele ya duka la dawa, na kutoka hapo alijua kila nyumba inayouzwa, inayotaka kuuzwa, na ambayo mwenyewe hajajua kwamba anaiuza. Alimpeleka Akech kuona nyumba huko Kireka. Kwanza akalipwa ada ya kuonyesha. Kisha nauli ya pikipiki, ya kwenda na ya kurudi. Bei, akasema, ni milioni kumi na saba, ukiongeza kumi kwa mia ya kamisheni. Akech akarudi siku ya pili peke yake, akamkuta bibi mwenye nyumba bombani anateka maji, wakasalimiana, na bibi akamwambia kwamba yeye anataka kumi na nne tu. Hizo tatu za juu zilikuwa za Zubairi na wenzake wanne: mmoja aliyesikia, mmoja aliyemwambia, mmoja aliyeshika ufunguo, na wa nne ambaye hakuna aliyeweza kueleza kazi yake. Nyumba yenyewe wakaiuza wiki hiyo hiyo kwa mtu asiyekwenda bombani.

"Senti zangu nimezishona mshono kwa mshono," Akech alimwambia mumewe akiwa ametoa macho. "Haziliwi na mdomo wa mtu!"

Akaapa kununua nyumba kwa mwenye nyumba, ana kwa ana.

Wiki ya kwanza ya Julai akaja Sajenti Ojera na koti lake la sare. Ojera alikuwa Mwacholi, mtu wa Kitgum, mpole, mwenye kiuno kilichokaa palepale tangu Akech aanze kumshonea.

"Fundi, toa hii tepe pole pole," alisema. "Usikate. Koti ni ya serikali, lakini hii tepe mimi nataka kaa nayo."

"Afande, unaacha kazi?"

"Kazi ndiyo naniacha mimi. Sasa barabara ya kwetu iko wazi, hakuna risasi. Mimi na mama tunarudi nyumbani."

Akech akafumua uzi mmoja, wa pili, wa tatu. Akili ilikuwa imekwisha kufika kwenye nyumba ya Ojera, lakini mkono uliendelea kufumua. Mkono wa fundi una akili zake.

"Na ile nyumba yako ya Kinawataka?"

"Ile... tutaona."

"Afande, ukitaka kuuza, nakuomba usiambie bloka. Niambie mimi."

Ojera akamtazama kama mtu anayepima uzito wa kitu. "Kuja Jumamosi," akasema. "Tutakula chakula."

Jumamosi Akech akaenda na sukari kilo mbili. Nyumba aliipenda kabla hajafika mlangoni: vyumba viwili na sebule, bati lisilo na kutu, veranda ya saruji nyekundu iliyosuguliwa, choo pembeni mwa lango, na jiko limejitenga kule nyuma linatoa moshi. Atoo, mke wa Ojera, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alimpokea kwa mikono miwili na kumkalisha kwenye kiti chenye kitambaa. Kikaja chakula: ugali wa ulezi, na mboga chachu iliyoungwa kwa karanga. Kijaluo cha Akech na Kiacholi cha wenyeji ni binamu, kwa hiyo waliweza kutaniana bila mkalimani. Lakini kwa mambo mazito kila mmoja alirudi kwenye Kiswahili, ili asije mtu akasema hakuelewa. Siku hiyo hawakurudi kwenye Kiswahili hata mara moja.

"Haya, bei?" Ondiek aliuliza aliporudi.

"Hatujafika huko."

"Mmefika wapi?"

"Kwenye mvua. Inasemekana Kitgum mwaka huu imenyesha vizuri."

Msomaji atacheka, lakini na ajiweke mahali pa Akech. Kama mtu amekukaribisha, amekunawisha mikono, amekuwekea kipande cha nyama upande wako, utaanzia wapi kumuuliza bei ya paa lililo juu ya kichwa chake, kana kwamba ni fungu la nyanya? Na Ojera naye, mgeni akiwa bado anatafuna, atamtajiaje mamilioni, aonekane alimwita kumwinda? Akech alingoja mwenyeji aanze. Mwenyeji alingoja mgeni aanze. Bloka angetaja bei akiwa bado hajavuka lango, kwa sababu bloka aibu aliiacha kwao. Lakini bloka hakuwepo; ndiyo raha yenyewe aliyoitafuta Akech.

Ziara ya pili alikwenda na sato wawili. Atoo akamrudisha na kuku. Huwezi kula kuku wa mtu ukamrudia mikono mitupu, kwa hiyo ziara ya tatu Akech alipeleka kitambaa cha meza alichokishona mwenyewe, na akarudishwa na ufuta debe zima. Ya nne, sukari tena na sabuni. Kufika ya tano alikuwa ameipima sebule kwa macho na kuikatia mapazia kichwani, na sentensi yake ya bei alikuwa ameikariri njiani kama shairi la shule, lakini Atoo akafunua sufuria na shairi likapotea.

"Kamisheni unailipa kwa sukari," Ondiek alisema. "Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Wewe siku ya saba bado unapewa nyama!"

Kwa kweli ilikuwa ya saba, na Oktoba ilikuwa imeingia. Ukutani kwa muzigo wao mwenye nyumba alikuwa amechora alama ya msalaba kwa rangi nyekundu, kuonyesha pa kuanza kubomoa.

Ndipo Zubairi alipokuja kibandani na suruali iliyofumuka mguu. Alikaa kwenye kigoda, akakunja nne, akangoja Akech ashone.

"Nnyabo, mama yangu, mimi siko mubaya," alianza. "Nasikia wewe nakula chakula kwa afande Ojera. Habali ya nyumba mimi najua. Mimi iko na kasitoma, mutu ya Kikuubo, anauza sufuria kwa jumla. Anatoa milioni ishirini. Keshi."

Akech akavunja sindano.

"Sasa kama wewe nanipa kidogo," Zubairi akaendelea kwa huruma ya kweli kabisa, "mimi naweza peleka kasitoma upande ingine."

Akech alimrudishia suruali, akakataa hata ile elfu moja ya mshono. Aliogopa, na tusimfichie. Ishirini hakuwa nazo. Miezi mitatu alikuwa amekula, ameshiba, ameshukuru, na nyumba inakwenda kwa muuza sufuria.

Jumamosi iliyofuata hakubeba kitu. Alifika Kinawataka asubuhi, akakataa kiti, na Atoo alipoleta maji ya kunawa akaweka mikono nyuma kama mtoto aliyeiba.

"Leo sili," alisema.

Atoo akasimama na birika lake. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kusikia maneno hayo.

"Afande, mama, mnisamehe. Nikila sitasema. Mimi nataka kununua hii nyumba. Nina milioni kumi na nane, na humo nitoe ada ya mwenye ardhi na ya shahidi. Kama kuna mtu wa ishirini, niambieni, nirudi nikafunge vitu vyangu."

Ojera aliinuka, akatoka veranda, akamwashiria amfuate. Wakazunguka nyumba, wakapita ubavuni mwa jiko, mpaka nyuma kabisa, mahali ambapo Akech, katika ziara zake zote, hakuwahi kutia mguu.

Palikuwa na kaburi. Dogo, la saruji, limefagiliwa. Juu yake jina lilikuwa limeandikwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi: ALANYO. Chini yake, 1991–1997.

"Malaria," alisema Ojera. "Siku tatu tu. Wakati ule barabara ya Karuma ilikuwa ya risasi, hakuna gari anakubali beba maiti mpaka Kitgum. Tukaweka yeye hapa. Tukasema, kidogo tu, vita itaisha." Akainama, akaokota jani lililoanguka juu ya saruji. "Bloka amekuja na watu tatu. Moja anauliza, hii kitu inatoka lini. Moja hata hapana uliza, ametema mate, akaenda. Yule Zubairi anasema tupande ndizi juu, kasitoma asione. Mimi nilimfukuza. Nikamwambia mama: fundi atauliza. Fundi ni mtu ya adabu, atauliza vizuri. Fundi amekula hapa mara saba, hajauliza!"

"Afande!" Akech alisema, machozi yakimtoka. "Mgeni anaendaje nyuma ya jiko la watu?"

"Na mimi naonyesha mgeni kaburi namna gani, chakula iko mezani?"

Wakatazamana. Atoo, aliyekuwa amewafuata na birika lake mkononi, ndiye aliyeanza kucheka, akifunika mdomo, na kicheko kikawashika wote watatu pale kando ya mtoto, kicheko cha watu waliochoka kungojana. Bloka wa kwanza alikuwa amezunguka nyumba nzima katika dakika tano. Akech, mwenye kununua bila bloka, alikuwa ameijua sebule tu.

Kicheko kilipokwisha, jambo lenyewe likabaki. Akech aliogopa, maana kwao hulali kando ya wafu wa watu wengine ukaota ndoto njema. Atoo hakutaka kuondoka bila binti yake. Kumhamisha kulihitaji gari, sanduku, mbuzi wa kule nyumbani na wazee wa kusimamia, na kiinua mgongo cha Ojera kilikuwa kitoke mwaka ujao. Bila kuuza hawana cha kumhamishia mtoto, na bila kumhamisha mtoto hawapati wa kumuuzia, ila wale wa kutema mate.

"Nina senti," Akech alisikia mdomo wake ukisema. "Nimeziweka kando katika pindo la pazia. Ni zile ambazo nilipanga bloka asizile. Nilitaka mlango wa chuma. Mchukueni mtoto kwanza."

Njiani kurudi ndipo alipomkumbuka Ondiek.

"Laki nane?" Ondiek aliuliza. "Mmeandikiana karatasi?"

"Hapana."

"Shahidi?"

"Hapana."

"Angalau bei mmekubaliana?"

"Hatujafika huko."

Ondiek akavua kofia, akaiweka kitandani, akaketi juu yake.

Kazi ya kwanza ilikuwa gari. Akech alizunguka Nakawa siku mbili, na kila dereva wa pikapu aliposikia mzigo ni nini alikumbuka kwamba tairi lake limepasuka. Mtu mmoja tu Kampala nzima alimjua dereva asiyeogopa mifupa. Zubairi alipiga simu moja tu, akasema dereva anaitwa Otema, anafika Alhamisi, anakwenda kwa laki tano badala ya saba. Kwa Akech hakudai kitu. Sehemu yake aliikata kwa Otema.

"Kampala hii," Ondiek alisema, "hata aliyekufa hasafiri bila bloka."

Jumatano Atoo akaja kibandani. Alikuwa amebeba kitambaa cheupe, yadi tatu, kipya, bado kina mikunjo ya dukani. Alitaka kiwe cha kumfunikia binti ndani ya sanduku, chenye pindo, kisichochanika.

Akech akanyoosha mkono kuchukua mkanda wake wa kupimia, kama alivyofanya mara elfu kwa mwaka, na mkono ukasimama hewani. Hakujua aulize nini.

Atoo alielewa. Aliweka kiganja ubavuni mwake, juu kidogo ya nyonga.

"Alikuwa nanifika hapa," alisema.

Akech akapima kutoka ardhini mpaka kwenye kile kiganja. Akakata. Akashona akiwa ameinamisha uso, na kwa mara ya kwanza tangu aanze ufundi akarudia mshono mara mbili bila mtu kumlipa. Atoo akatoa kwenye mkoba tepe tatu za sajenti, zile zilizofumuliwa pole pole. Mtoto, alisema, alikuwa akizichezea begani kwa baba yake kila anaporudi kazini. Akech akashona mfuko mdogo ndani ya kitambaa, akazitia humo, akaufunga.

Alhamisi wakaondoka. Ojera alisema watarudi baada ya siku nane.

Siku nane zikapita. Ya tisa ikapita. Simu ya Ojera ilikuwa haipatikani. Huko aliko, labda palihitaji kupanda kilima ili simu ishike. Siku ya kumi Akech alimwona Zubairi akipita kwa pikipiki, na nyuma yake mtu mnene mwenye saa ya dhahabu, wakielekea Kinawataka. Siku ya kumi na moja Zubairi akaja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda.

"Nnyabo, mimi sifichi. Sasa kaburi imetoka, ile nyumba ni nyumba. Mutu ya sufuria anasema ishirini na mbili. Kazi ni kazi."

"Umeniona nikilipa gari," Akech alisema. "Wewe ndiye uliyeniletea gari!"

"Kweri," alisema Zubairi, na uso wake ulikuwa na aibu kidogo, kiasi cha aibu ambacho bloka anaweza kumudu. "Lakini wewe hukuandika."

Hilo Ondiek alikwisha kulisema, na alikuwa na wema wa kutolisema tena. Jioni alileta maboksi ya soda kutoka kiwandani ya kufungia vyombo, akayapanga kando ya kitanda kimyakimya. Akech alihisi uchungu hasa, si wa kutania. Si laki nane zilizomuuma. Lililomuuma ni kwamba alikuwa amemwamini mtu kwa sababu ya kiuno chake kisichobadilika, na huenda hiyo haikuwa sababu ya kutosha.

Siku ya kumi na tatu, saa nne asubuhi, Zubairi alirudi. Safari hii hakukaa. Alisimama mbele ya cherehani akikuna kichwa.

"Yule mzee wenu ni mutu ya ajabu," alisema. "Amerudi jana. Asubuhi mimi napeleka kasitoma, na keshi kwa mufuko. Mzee hapana sema bei, hapana sema karibu. Anapeleka mutu ya sufuria nyuma ya jiko. Anauliza: hapa palikuwa na nini? Kasitoma anasema, sijui, shimo ya takataka? Mzee anasema, asante, nenda salama. Basi! Banange, milioni ishirini na mbili! Anasema asante, nenda salama!"

Akech alikuwa ameacha kukanyaga cherehani.

"Haya," akasema Zubairi, "yeye huyu anakuja." Akaondoka haraka, maana kuna macho ya askari ambayo kustaafu hakuyastaafishi.

Ojera alikuwa amevaa kiraia, shati la mikono mifupi lililokuwa likimpwaya kidogo. Kwa mara ya kwanza kiuno kilikuwa kimepungua. Mvua ilikuwa imekata daraja, alisema, wakakwama upande wa pili. Mtoto amelala kando ya bibi yake. Wazee walikuja, mbuzi alichinjwa, kitambaa kimesifiwa na kila mwanamke.

Akaketi kwenye kigoda, akaweka mikono magotini.

"Fundi. Sasa mimi nasema bei, na wewe usinipikie chai kwanza. Milioni kumi na sita. Na ile laki nane yako tunatoa hapo."

Kutoka nyuma ya kibanda, ambako Ondiek alikuwa amekuja na chakula cha mchana cha mkewe na kujikuta anasikiliza, kikasikika kikohozi kikubwa cha kuunga mkono.

"Kumi na sita nakubali," alisema Akech. "Laki nane haitoki. Hiyo haikuwa ya nyumba."

Kikohozi cha pili kilikuwa cha mtu aliyepaliwa.

Waliandikiana Jumatatu mbele ya mwenyekiti wa kijiji na jirani wa kila upande. Mwenye ardhi naye, maana Kampala nyumba yaweza kuwa yako na ardhi ya mwingine, alipewa ada yake ya kumtambua mwenye nyumba mpya, ambayo huitwa kanzu ingawa hulipwa kwa noti; Akech alijitolea kumshonea kanzu yenyewe ili apunguziwe, na mzee alicheka, akapokea kanzu, na noti akazipokea vilevile. Ondiek alihesabu kwa vidole usiku mzima wa kuhamia. Sato, sukari, sabuni, pikapu, sanduku, kanzu.

"Umelipa kamisheni mara mbili," alitoa hukumu.

"Ndiyo," alisema Akech, akitundika mapazia ambayo alikwisha kuyakata kichwani tangu Agosti. "Lakini najua ilikwenda kwa nani."

Mlango wa chuma bado hajaweka. Wa mbao unafungwa kwa kitasa na unatosha. Kila asubuhi hufagia nyuma ya jiko kabla ya kufagia mbele, pale udongo uliporudishwa, ambapo hajapanda kitu wala kuegesha kitu. Na ana desturi ambayo majirani wa Kinawataka huiona ya kishamba. Mgeni akija, hata ikiwa mara ya kwanza, hata akiwa mtu mzito, Akech hamkalishi wala hamnawishi. Humshika mkono, humzungusha ubavuni mwa nyumba mpaka nyuma ya jiko, humwonyesha, humwambia jina la mtoto na miaka yake. Kisha ndipo huuliza atakunywa chai ya maziwa au ya rangi.